Jino la sita: gego la kudumu tunalolidhani la utoto

Mtoto akikaribia kutimiza miaka sita huota jino ambalo hakuna anayelishangilia. Halitoki mbele, halisukumi jingine ling'oke, halitoi damu ya kutisha. Linapasua ufizi nyuma kabisa ya magego aliyonayo, mtoto analalamika siku mbili tatu akitafuna upande huo, basi. Wakati huohuo nyumba nzima inahangaika na jino la mbele linalolegea: nani atalivuta, na likitoka litarushwa juu ya paa au litatupwa wapi. Mwaka mmoja au miwili baadaye lile gego la nyuma lina kitundu cheusi, na jibu la mzazi liko tayari: "Liache tu, ni la utoto hilo. Litang'oka, litaota jingine."

Haling'oki likaota jingine. Hilo ndilo lenyewe, la kuzeekea. Na ukipita kliniki za meno utakuta vijana wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, wanang'olewa gego walilopaswa kulitumia maisha yao yote, kwa sababu tu lilipoota nyumbani lilihesabiwa na yale ya utoto.

Kosa hili linatokana na kutojua mambo mawili: jino limejengwa vipi, na lipi ni lipi mdomoni. Tuanze na ujenzi.

Sehemu ya jino unayoiona mtu akicheka inaitwa taji. Chini yake kuna shingo, pale jino linapokutana na ufizi, kisha mzizi uliozama kwenye mfupa wa taya. Kwa meno mengi mzizi ni mrefu kuliko taji, na ndiyo maana anayeona jino zima lililong'olewa kwa mara ya kwanza hushtuka kwa urefu wake.

Taji imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa ukiwemo. Kwa uzito, takriban asilimia 96 ya enameli ni madini. Kwenye ncha za magego unene wake unaweza kufika milimita mbili na nusu, na inakonda kadiri inavyoelekea kwenye shingo. Ugumu huo una gharama yake: enameli haina chembe hai. Chembe zilizoijenga hupotea jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatika hufunga, lakini enameli ikimeguka imemeguka. Mate, yakisaidiwa na floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno, hurudisha madini kiasi pale enameli inapoanza kulainika. Tundu likishafunguka, mate hayalijazi, wala hakuna mti wa porini unaolijaza.

Kwa kuwa enameli hujengwa jino likiwa bado limejificha ndani ya taya, kinachoivuruga wakati huo huja kuonekana miaka kadhaa baadaye. Ushahidi tunao hapa hapa: meno ya kahawia ya watu waliokulia Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Maji ya huko mengi yana floraidi kupita kiasi (Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita), na magadi yanayotiwa kwenye maharage huongeza. Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, enameli ya meno yake ya kudumu huumbika na kasoro. Jino linachomoza na mabaka meupe au ya kahawia, na pengine vishimo. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Anayesugua kwa mkaa na mchanga haondoi rangi, anaondoa enameli. Na mtu mzima aliyehamia Arusha mwaka jana asiyalaumu maji hayo kwa rangi ya meno yake, maana taji zake zilikamilika zamani. Atafute sababu kwenye sigara au chai ya rangi.

Ndani ya enameli kuna dentini. Hii ina unjano, si ngumu kama enameli, na imetobolewa na vijia vyembamba mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, vinavyoelekea katikati ya jino. Maji baridi yakigusa dentini iliyo wazi, umajimaji ulio ndani ya vijia hivyo husogea na neva hushtuka. Katikati kabisa kuna kiini, nyumba ya neva na mishipa ya damu, inayoingia kupitia tundu dogo kwenye ncha ya mzizi. Mzizi wenyewe haukupigiliwa kwenye mfupa: umeshikwa na nyuzi nyingi fupi zinazoruhusu jino lisogee kidogo sana unapotafuna. Nyuzi hizo tutazihitaji baadaye.

Ukishajua tabaka hizi tatu, maumivu ya jino yanaacha kuwa fumbo. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hutafuna enameli taratibu bila maumivu yoyote, kwa sababu hakuna neva pale. Ikifika kwenye dentini, kuoza kunatanuka kwa upande. Kwa hiyo kitundu unachokiona juu ni kidogo, na shimo lililo chini yake ni kubwa. Hapo ndipo maji baridi na sukari vinapoanza kuuma. Kuoza kukifika kwenye kiini, kiini kinavimba. Tatizo ni kwamba kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kuvimbia. Huo ndio ule uchungu wa saa nane usiku unaomfanya mtu mzima atembee uani ameshika shavu.

Kisha, siku moja, maumivu yanakoma. Watu wengi hudhani dawa imekubali, iwe vidonge au karafuu. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Bakteria sasa wanashuka hadi kwenye ncha ya mzizi, usaha unajikusanya ndani ya mfupa, na baada ya wiki au miezi uso unavimba au kijipu kinatokeza kwenye ufizi. Jino lililonyamaza lenyewe bila kutibiwa ni la kuogopwa kuliko linalouma.

Vipi kuhusu wale wadudu wa meno, ambao mganga hukuonyesha wametoka baada ya kufukiza mbegu? Imani hiyo ni ya kale mno, iliandikwa hata Babeli, na Mfaransa Pierre Fauchard aliipinga katika kitabu chake cha udaktari wa meno cha mwaka 1728. Bakteria hawaonekani kwa macho. Vile vyeupe vinavyoelea kwenye bakuli ni sehemu za mbegu zilizofukizwa.

Sasa umbo. Ukianzia katikati ya mdomo kwenda nyuma, mtu mzima ana aina nne za meno. Mawili ya kwanza kila upande ni bapa, yenye makali ya kukatia. La tatu ni chonge, lenye ncha moja na mzizi mrefu kuliko wa jino lolote. Linafuatiwa na magego madogo mawili, ambayo kwa kawaida yana ncha mbili kila moja. Mwisho magego makubwa matatu.

Watu hudhani gego ni jino bapa la kusagia. Pitisha ulimi juu ya gego lako uone: ni vilima na mabonde. Gego kubwa la kwanza la juu lina vilima vinne, na watu wengine wana kinundu cha tano upande wa ndani, kinachoitwa kwa jina la Georg Carabelli, daktari wa Vienna wa karne ya 19. Mwenzake wa chini kwa kawaida ana vilima vitano. Ukifunga mdomo, kilima cha ndani cha gego la juu hutua kwenye bonde la gego la chini, na kilima cha nje cha gego la chini hutua kwenye bonde la juu. Ni kinu na mchi, ila kila gego ni vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana jino likizibwa na ujazo ukaachwa juu kidogo tu, mtu anasumbuka kutafuna: mchi umekuwa mrefu kuliko kina cha kinu. Rudi kwa daktari akalisawazishe, usisubiri ulizoee.

Mizizi nayo inafuata kazi. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja. Magego makubwa ya chini yana miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ya juu yana mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Mwanafunzi wa udaktari wa meno akipewa gego lililong'olewa lenye mizizi mitatu iliyotanuka, anajua kabla hajatazama kingine kwamba ni la juu. Na ndani ya mizizi hiyo mna mifereji, mara nyingine minne au zaidi katika gego moja, kila mmoja unatakiwa kusafishwa. Kwa hiyo ukilalamika kwamba kutibu mzizi wa gego kunachukua muda na fedha kuliko jino la mbele, hukuonewa.

Umbo la jino linasema hata chakula cha aliyeishi zamani. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lina magego makubwa ajabu na meno madogo ya mbele. Kiumbe huyo hakuwa wa kurarua nyama kwa chonge, alikuwa mtafunaji.

Turudi kwa mtoto. Meno ya utoto ni 20, ya kudumu ni 32, na tofauti yake si kwamba kumi na mawili yameongezwa ovyo ovyo. Mtoto ana meno matano katika kila robo ya mdomo: mawili ya mbele, chonge moja, magego mawili. Hana magego madogo kabisa. Magego yake mawili yakishang'oka, kati ya miaka tisa na kumi na mbili hivi, nafasi zao huchukuliwa na magego madogo ya kudumu. Magego makubwa ya kudumu hayamrithi mtu. Huota nyuma, kwenye sehemu ya taya iliyokuwa wazi: la kwanza likija karibu na miaka sita, la pili karibu na miaka kumi na mbili.

Hapo ndipo penye kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia. Mkalishe mtoto kwenye mwanga, afungue mdomo, uhesabu kutoka katikati kwenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akiwa na pengo mahali jino limeng'oka, lihesabu pengo hilo. Ukikuta la sita, ni la kudumu. Katika mpangilio wa kawaida hakuna jino la utoto la sita.

Ni rahisi kukosea ukiangalia tu bila kuhesabu, maana gego la tano la utoto linafanana sana na la sita: vilima vilevile, mabonde yaleyale, ila la sita ni kubwa zaidi.

Madaktari nao huhesabu hivyohivyo. Katika mfumo unaotumika sana duniani, tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo na ya pili ni nafasi kutoka katikati. Robo zinaanzia juu kulia kwa mgonjwa mwenyewe na kuzunguka: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kwa meno ya utoto robo hizohizo huitwa 5, 6, 7 na 8. Kwa hiyo kadi ya mtoto ikiandikwa 36, ni gego la sita la chini kushoto, la kudumu. Ikiandikwa 75, ni jirani yake wa mbele, la utoto. Ndugu aliyeko Marekani akiambiwa jino namba 19, ni hilohilo la 36, kwani wao huhesabu moja hadi 32 mfululizo.

Kwa nini la sita huoza mapema? Linachomoza wakati mtoto anajipigia mswaki mwenyewe na hafiki nyuma. Linachukua miezi kupanda hadi usawa wa wenzake, na muda wote huo liko chini, mswaki unapita juu kwa juu. Mabonde yake ni membamba, mengine hayaingizi hata unywele mmoja wa mswaki, na enameli changa haijakomaa. Kinachosaidia ni mzazi kupiga mswaki mwenyewe kwenye gego hilo, kwa upande, kutokea shavuni, hadi mtoto awe na miaka saba au minane. Palipo na huduma, daktari anaweza kufunika mabonde kwa utando maalumu kabla ya kuoza. Kazi ya dakika chache, haina sindano.

Nisieleweke kwamba meno ya utoto hayana maana. Yameshika nafasi. Gego la tano la utoto likiwahi kung'olewa, la sita huanza kuegemea mbele na kuziba mlango wa gego dogo linalosubiri chini, na miaka michache baadaye meno yamepandana. Pia si kweli kwamba meno ya utoto hayana mizizi. Yanayo, mirefu na iliyotanuka, kwa sababu kati ya mizizi hiyo ndimo jino la kudumu linamolala. Linapojiandaa kutoka, mizizi ya lile la utoto huyeyuka polepole, na unachokiokota jino likidondoka ni taji tupu.

Mambo mengine yanayowatia wazazi hofu bure yanaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Meno mapya ya mbele yana ukingo wenye vinundu vitatu: ndivyo yalivyoumbwa, vitasagika. Yana unjano kuliko ya utoto: dentini yake ni nene zaidi. Yameota nyuma ya yale ya utoto, safu mbili: mara nyingi la zamani litadondoka na ulimi utalisukuma jipya mbele, kama la zamani halitikisiki kabisa, muone daktari. Mtoto mchanga ameanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini? Zamani mtoto huyo aliitwa kigego na kuhesabiwa mkosi, na wengine waliteswa kwa hilo. Ni mpangilio tu usio wa kawaida.

Liko moja lisilo la kuchekewa: meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni na Waganda huyaita ebiino. Mtoto wa miezi michache anapata homa na kuharisha. Bibi au jirani anapapasa ufizi, anakuta uvimbe mweupe mweupe pale chonge inapotakiwa kuota. Anaitwa fundi, anachana ufizi kwa wembe, kisu au spoku ya baiskeli, na kuchokonoa kitu cheupe, laini. Anamwonyesha mama: plastiki hiyo!

Kitu kile ni chonge ya mtoto. Ni laini kwa sababu madini hayajaingia ya kutosha. Kila jino huanza hivyo, na ukipasua ufizi wa mtoto yeyote mwenye afya utakikuta. Homa na kuharisha vilitoka kwingine: malaria, maji machafu, virusi, mikono na vitu anavyotia mdomoni. Wakati ufizi unachanwa, ugonjwa wenyewe unaendelea, na sasa umeongezewa kidonda, damu inayopotea, hatari ya pepopunda na ya virusi vya Ukimwi. Kuna watoto waliokufa. Wanaopona wengi hukua bila chonge hiyo, na chonge ya kudumu iliyokuwa karibu huota na kasoro au haioti. Mtoto anayeharisha anahitaji ORS (dawa ya kuchanganya na maji, ya kurudisha maji mwilini), zinki, kuendelea kunyonya, na zahanati siku hiyo hiyo.

Hofu nyingine ya kila siku ni kwamba kung'oa jino la juu, hasa chonge, kunaharibu macho. Neva inayohisi meno na neva ya kuonea ni mbili tofauti, hazikutani kwenye jino. Kinachochanganya ni kwamba tawi la neva ya meno ya juu hupita chini ya jicho, hivyo jino la juu likiuma mtu huhisi jicho nalo linauma. Kinachoweza kuhatarisha jicho ni usaha wa jino bovu unaoachwa hadi ukapanda juu, yaani kuogopa kuling'oa.

Sasa zile nyuzi. Kijana akianguka kwenye bodaboda au akigongwa kiwiko mpirani na jino la kudumu likatoka zima na mzizi wake, nyuzi zilizobaki kwenye mzizi huishi kwa muda mfupi. Shika jino kwa taji, usiguse mzizi, usiusugue. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maji safi au maziwa, lirudishe kwenye tundu lake likitazama lilivyokuwa, mwenyewe aume kitambaa. Ikishindikana, litie kwenye maziwa, si kwenye karatasi mfukoni, mwende kliniki mara moja. Ndani ya saa moja kuna matumaini makubwa. Jino la utoto halirudishwi, maana utalitia jeraha la kudumu lililo chini yake.

Limebaki gego la nane, la mwisho, linaloota kuanzia miaka 17 hivi, kwa wengine hata baada ya 25. Taya za wengi wetu hazina nafasi yake, linatokeza nusu, chakula kinajificha chini ya kipande cha ufizi kilicholifunika, mtu anashindwa kufungua mdomo. Likikaa vizuri na linasafishika, hakuna sababu ya kuling'oa. Na ukijihesabu ukakuta 28 hali hukuwahi kung'olewa hata moja, huna upungufu: manne yaliyosalia ama yamelala ndani ya taya, ama hayakuwahi kuumbwa, na picha ya eksirei ndiyo itakayokuonyesha.